Tuulizane na Mjomba: Irma Stern, yule mama wa Cape Town aliyechora Waunguja

Toleo lililopita tuliweka picha moja tu ukurasa wa nyuma, mzee wa Kiarabu wa Unguja, na chini yake mstari mmoja: Arab Priest (yaani Kasisi wa Kiarabu), Irma Stern, 1945, iliuzwa London mwaka 2011 kwa pauni milioni 3 na ushei. Mimi nilidhani mtaipita kama mnavyopita matangazo ya sabuni. Kumbe! Barua zimekuja, meseji zimekuja, wengine wamenipigia kabisa. Nimechagua chache, zilizofanana nimezikusanya pamoja, na wale wawili watatu walionitukana ujumbe wao nimeupata, asanteni.

*Shikamoo Mjomba. Huyu Irma Stern hasa ni mtu wa wapi? Nikisoma huku naona Mjerumani, nikisoma kule naona Mwafrika Kusini, pengine wameandika Myahudi. Ni yupi sasa? Mwanafunzi wa sanaa, Mombasa.*

Marahaba mwanangu. Ni vyote vitatu kwa pamoja, wala hakuna anayekudanganya. Kazaliwa Oktoba 1894 Schweizer-Reneke, kimji kidogo cha Transvaal huko Afrika Kusini, wazazi wake Wayahudi wa Kijerumani waliokuja kutafuta maisha, baba ana biashara na ng'ombe. Vita ya Makaburu na Waingereza ilipopamba moto Waingereza wakamweka baba kizuizini maana walimwona yuko upande wa Makaburu, basi mama akachukua watoto na baadaye familia ikarudi Ujerumani, Irma bado mtoto mdogo. Toka hapo ni mtu wa kwenda na kurudi, meli inampeleka meli inamrudisha. Shule ya sanaa kasomea Weimar kuanzia 1913, kisha Berlin. Mwaka 1920 akarudi Cape Town moja kwa moja, na ndiko alikofia Agosti 1966. Sasa ukimuuliza mwenyewe angekujibu nini sijui ila ukiangalia picha zake, mkono ni wa Berlin, jicho linatafuta Afrika, tena Afrika fulani hivi aliyojitengenezea kichwani tangu utotoni, na hilo ndilo litakalotusumbua huko mbele.

*Mjomba mnasema huyu mama ni avangadi, mtu wa mbele ya wakati wake. Mimi naona watu wamekaa na maua kwenye jagi. Umbele uko wapi? Msomaji, Nakuru.*

Swali zuri, na nitalijibu kwa urefu kidogo mnivumilie.

Leo tumezoea. Picha yenye uso wa kijani na pua iliyopinda tunaiona hata ukutani hotelini. Rudi nyuma mpaka Berlin ya 1916, vita kuu ya kwanza inaendelea, watu wana njaa, na binti wa miaka ishirini na kitu anapanda tramu anamwona mtoto wa kike amekonda, macho yamezama. Anarudi studio anamchora, siyo vile shule inavyotaka, yaani kivuli hapa mwanga pale ngozi ilainike, hapana, anamchora vile alivyomwona. Picha inaitwa Mtoto wa Milele. Mwalimu wake hakuipenda hata kidogo, Irma naye akaondoka kwa mwalimu. Mimi nikiambiwa nichague siku aliyogeuka kuwa msanii nachagua hiyo, hayo mengine ni utaalamu tu.

Mwaka 1917 akakutana na Max Pechstein, mmoja wa vinara wa wale wachoraji walioitwa ekspreshonisti. Hawa jamaa hoja yao ilikuwa kwamba rangi haina kazi ya kufanana na kitu, kazi yake ni kusema ulichohisi, kwa hiyo ukihisi farasi ni bluu mchore bluu na asiyetaka asitake. Pechstein mwenyewe alishafika visiwa vya Palau kule Pasifiki mwaka 1914 kutafuta watu ambao, kwa mawazo ya Wazungu wa siku zile, hawajaharibiwa na kiwanda na saa ya mkononi. Ona hapo mbegu ilikopandwa. Irma aliposikia habari hizo si lazima aende Pasifiki, yeye ana Afrika yake ya utotoni.

Novemba 1918 Kaizari akaanguka, Ujerumani mapinduzi, na wasanii wa Berlin wakaunda kundi lao wakaliita Novembergruppe, kundi la Novemba, kwa heshima ya mapinduzi yale. Irma yumo tangu mwanzo. Mwaka uliofuata Pechstein akamsaidia kupata maonyesho yake ya kwanza ya peke yake kwenye galari ya Fritz Gurlitt, ambayo kwa Berlin ya wakati ule haikuwa sehemu ya mtu yeyote kujipitia tu. Ana miaka 24.

Alafu sasa huyo mtu anapanda meli anashuka Cape Town mwaka 1920, mji ambao picha nzuri ni mlima, ng'ombe, na machweo. 1922 anafungua maonyesho. Jamani! Watu walicheka, wakakasirika, wakapeleka malalamiko mpaka polisi wakaja kuangalia kama picha zinaharibu maadili. Gazeti likaandika kichwa cha habari kwamba huu ni ubaya uliofanywa dini. Ndiyo nikakwambia umbele ni wa kupimwa na mahali, kile ambacho Berlin kilikuwa kinauzwa galarini, Cape Town kilikuwa kinaitiwa askari. Na mwaka 1927, huku Cape Town bado wanamcheka, Berlin mhakiki Max Osborn akamtolea kitabu kizima.

Maua kwenye jagi nayo usiyadharau. Simama mbele ya picha yenyewe uone rangi ilivyorundikwa, nene, amepaka kama ana haraka, na kweli alikuwa na haraka, alikuwa mtu wa kumaliza picha kabla hisia haijapoa.

*Aliolewa? Dada mdadisi, Morogoro.*

Aliolewa 1926 na Johannes Prinz, aliyekuwa mwalimu wake wa nyumbani zamani na baadaye profesa wa Kijerumani chuo kikuu cha Cape Town. Wakaachana 1934. Watoto hawakupata. Nyumba waliyonunua 1927 mtaa wa Rosebank ikabaki kwa Irma na akaishi humo mpaka kufa.

*Nauliza kuhusu huo Uyahudi wake. Kama alikuwa anaenda Ujerumani kila mara, Hitler hakumgusa? Msomaji, Dar es Salaam.*

Kaka, mwili hakumgusa kwa sababu alikuwa mbali. Lakini alimkata mguu mmoja. Fikiria, huyu alikuwa mtu wa kufanya maonyesho Ulaya, marafiki wake Berlin, lugha yake ya nyumbani Kijerumani, barua zake Kijerumani. 1933 Hitler anashika nchi na Irma anaamua hakanyagi Ujerumani wala hapeleki picha huko, na akashikilia hivyo mpaka vita inakwisha 1945.

Ukitaka kujua angepatwa na nini angalia wenzake. 1937 Wanazi walifungua Munich maonyesho ya kile walichokiita sanaa iliyooza, walitoa kazi kwenye makumbusho za nchi nzima wakazitundika ovyo ovyo watu waje kuzizomea. Pechstein, yule mlezi wake, ambaye hata si Myahudi, kazi zake zilikuwemo. Na kwenye jalada la kitabu cha maonyesho yale waliweka sanamu ya Otto Freundlich, Myahudi, mtu wa Novembergruppe kama Irma. Freundlich alikuwa akiishi Ufaransa tangu miaka ya 1920, akakamatwa huko, akapelekwa kambi ya Majdanek Poland na akauawa mwaka 1943. Mwaka huo huo Irma yuko Cape Town anachapisha kitabu chake cha safari ya Kongo. Kundi moja Berlin, na angalia njia zilivyoachana.

Ila msidhani Afrika Kusini ilikuwa kivuli cha mwembe. Mwaka 1930 serikali ya huko ilipitisha sheria ya kubana Wayahudi wa Ulaya Mashariki wasiingie, 1937 ikaja nyingine iliyowalenga hasa wakimbizi wa Kijerumani, na palepale Cape Town kulianzishwa kundi la mashati ya kijivu likiiga Wanazi waziwazi. Kwa hiyo Irma anachora maua yake na majagi huku nje watu wanaandamana kudai watu kama yeye waondoke. Picha zake hazionyeshi hilo, hakuwa mchoraji wa matukio, dini pia ni mara chache sana kuonekana. Wengine wanamlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu, mtu hadaiwi kuchora maumivu yake ili tumwamini kwamba yalimuuma.

*Mjomba salaam aleikum. Mimi mtu wa Malindi hapa Unguja. Huyu bibi alifika kwetu lini, na ni kweli milango yetu ya kuchonga aliikata akafanyia fremu? Na nani alimwambia Waislamu tuna makasisi? Nimekasirika kidogo.*

Waaleikum salaam bwana. Hasira yako ina haki ila tuipange vizuri ili impate anayestahili.

Alikuja mara mbili, 1939 na 1945, wakati wa Sultani Khalifa bin Haroub. Ujerumani alishaikataa, na vita ilipozuka Septemba 1939 Ulaya nzima ikafungwa, kwa hiyo safari zake zote za miaka ile ni Afrika. Alishapita Dakar, Senegali, kabla ya hapo, na akapenda sana watu wa Kiislamu walivyovaa na kujistahi. Unguja ikamkolea zaidi. Alichora wazee wa Kiarabu na vilemba vyao, akachora Wahindi, akachora mabinti wa Kibohora, Waislamu wenye asili ya India, na akarudi na kitabu kabisa kilichotoka mwaka 1948 kinaitwa Zanzibar, maandishi yake na michoro yake. Wengi wanaojua kazi zake watakwambia picha za Unguja ndizo kilele, na mimi nakubali bila kubishana. Kitu fulani kilitulia mkononi mwake. Zile za awali za miaka ya 1920 zina kelele, za wanawake waliokaa uchi kwenye majani kama ndoto ya Mzungu, lakini mzee wa Unguja hakubali kufanywa ndoto, amekaa na heshima zake, anakuangalia, na mchoraji ikabidi amfuate.

Fremu ni kweli. Alichukua mbao za kuchongwa za Unguja, zile za milango na vizingiti vyake, zikafanywa fremu za picha hizo, na leo wanunuzi wanaisifu fremu kama wanavyoisifu picha, bila fremu yake ya asili bei inashuka. Mlango mzima wa kuchonga alipeleka Cape Town pia akauweka nyumbani kwake. Sasa hapa tuseme ukweli wote. Yeye alinunua, hakuiba, na kulikuwa na wauzaji wa kwetu, na biashara ya kuuza milango ya Unguja kwa wageni haikuanza na yeye wala haikuishia kwake. Lakini ukiangalia picha ya mzee wa Kiunguja ndani ya mbao ya mlango wa Kiunguja, vyote viwili vinaning'inia London au Johannesburg, unaelewa kwanini mtu wa Malindi anakasirika.

Ama kuhusu kasisi, hasira hiyo nakuachia yote. Picha ina jina Arab Priest, nyingine Arab in Black, nyingine Bahora Girl. Hapo ndipo ugomvi wangu na Irma ulipo, mkubwa kuliko wa milango. Mtu amekaa mbele yako saa nzima, pengine siku nzima, umemtazama mpaka kope, na ukimaliza humwandiki jina? Wazungu wenzake wa Cape Town aliowachora mara nyingi tunajua ni bibi nani na bwana nani. Wa Unguja ni Mwarabu, Binti, Kasisi. Alikuwa na jicho la kuona mtu na mkono wa kumheshimu mtu, alafu kalamu ikija kuandika lebo inaandika aina ya mtu. Jirani zako wa Malindi wale, babu zenu, huenda wapo wajukuu wanaopita sokoni sasa hivi hawajui kwamba sura ya babu yao inalindwa na bima ya mamilioni.

*Jambo Mjomba. Kwetu Kongo alifika? Msomaji, Lubumbashi.*

Alifika ndugu yangu, 1942, 1946 na tena 1955. Akaingia mpaka Rwanda, akachora Watutsi wa jumba la kifalme, na akachora Wamangbetu wa kaskazini mashariki ya Kongo. Kitabu cha Kongo ndicho nilichokitaja juu, 1943. Na hakurudi mikono mitupu, alikusanya vinyago na viti, kimojawapo kiti cha Waluba kilichobebwa na sanamu ya mwanamke, kazi ya fundi wa Buli, ambacho wanaojua sanaa ya Kongo wakikiona wanavua kofia. Mazingira aliyofanyia safari zile ni ya Ubelgiji wa kikoloni, yaani anasafiri kwenye barabara zilizolimwa kwa kazi ya lazima na anaandika kuhusu pepo ya duniani. Hilo kitabu chake hakilisemi.

*Na wakati wa ubaguzi wa rangi alikuwa upande gani? Kuchora weusi tu haitoshi. Mwalimu, Arusha.*

Haitoshi, kweli mwalimu. Hakuwa mwanaharakati. Serikali ya ubaguzi ilipoingia 1948 yeye alikuwa jina kubwa, alipelekwa kuwakilisha nchi kwenye maonyesho ya Venice zaidi ya mara moja miaka ya 1950, na alikwenda. Wale waliomcheka 1922 watoto wao ndio walikuwa wananunua. Mwishowe alikuwa amefanya maonyesho ya peke yake karibu mia moja.

Lakini kuna kisa kimoja sitakiruka. 1956 serikali iliwakamata watu 156 kwa mashtaka ya uhaini, Mandela yumo, kesi ikaburuzwa mpaka 1961 ndipo wa mwisho wakaachiwa huru. Mawakili wanataka hela na familia za washtakiwa zinataka kula, basi watu wakachangia vitu vipigwe mnada. Kimoja kilichotolewa kilikuwa picha ya Irma aliyoichora safari ya kwanza ya Unguja, 1939, ile Arab in Black. Aliyenunua akahamia Uingereza miaka ya baadaye, picha ikarithiwa, na mtaalamu wa mnada alipokuja kukagua vitu kwenye flati moja London akaikuta jikoni imegeuzwa ubao wa kubandikia bili na barua! 2015 ikauzwa zaidi ya pauni laki nane.

Kwa hiyo mzee mmoja wa Unguja, ambaye jina lake hatunalo, sura yake iliwahi kumlipia wakili Mandela. Mimi nikifikiria hilo naacha kwanza chai ipoe.

*Tuko Muscat na tumeona Arab Priest imeenda Qatar. Kwanini bei kubwa hivi? Kuna watu wanachora vizuri zaidi. Msomaji, Muscat.*

Bei ina sababu zake na uzuri ni mojawapo tu. Kwanza Waafrika Kusini wenye pesa walianza kushindana wao kwa wao kununua sanaa ya kwao, minada ya London ikashtuka, mwaka 2010 Bahora Girl ikavuka pauni milioni 2, na Machi 2011 Arab Priest ikavunja rekodi ya sanaa ya Afrika Kusini. Pili, ndiyo, Ghuba nayo iliingia sokoni, Qatar walikuwa wanajenga makumbusho na picha ya mzee wa Kiarabu iliyochorwa na mkono wa kisasa ilikuwa kitu wanachokitaka. Tatu ni uchache, safari mbili tu za Unguja, fremu za asili, tarehe juu ya turubai. Anayechora vizuri zaidi wapo, tena wengine wako Mji Mkongwe wanauzia watalii, ila hawana hadithi ya Berlin nyuma yao wala mnadi wa kuisimulia.

*Shikamoo Mjomba. Marehemu bibi yangu alikuwa akitwambia alipokuwa msichana alikalishwa kitini na mzungu mmoja mnene sana akachorwa, akapewa pesa na kitambaa. Sisi tulimcheka. Je anaweza kuwa ni huyu? Mjukuu, Kikwajuni.*

Marahaba mwanangu, na poleni na msiba hata kama ni wa zamani.

Inawezekana. Irma alikuwa mnene kweli, mpenda kula, na hakuficha. Lakini usikimbilie kusema ndiyo. Piga hesabu kwanza: bibi alizaliwa lini, na usichana wake unaangukia 1939 au 1945? Kama haugusi hata mmoja, ni mchoraji mwingine, Unguja ilipita wengi. Ukigusa, mara nyingi Irma alisaini na kuweka mwaka juu ya picha yenyewe kwa hiyo picha za mwaka huo zinatafutika kwenye katalogi za minada. Tafuta picha ya bibi akiwa kijana, ya pasipoti, ya harusi, yoyote, linganisha, na muonyeshe mtu asiyeijua hadithi maana nyie mkishataka kuona mtaona. Muulize na mkubwa yeyote wa ukoo aliyebaki kile kitambaa kilikuwa cha rangi gani na nyumba ilikuwa mtaa gani, hayo madogo madogo ndiyo yanayofungua. Karatasi na vipande vya magazeti vya Irma viko Maktaba ya Taifa Cape Town, na kuna wakfu wake unaoshughulikia kazi zake, waandikie, weka picha na jina kamili la bibi na la baba yake.

Usitegemee hela, hakuna. Wala usilipe mtu anayesema atakusaidia kudai.

Na mwingine yeyote mwenye hadithi kama hiyo, Ng'ambo, Malindi, Shangani, hata Mombasa kama ukoo ulihamia huko, niandikie. Tukipata jina la hata mmoja wao nitalichapisha hapa hapa kwa herufi kubwa.